Barua Zilizofunguka Alasiri Tu

Vijana wa chumba cha kompyuta, mmeniambia niandike kazi yangu ilivyokuwa, ili atakayekalia kiti changu asianze mikono mitupu. Haya. Vyeo nilivyopanda havina faida kwenu, na mshahara mnaujua, kwa sababu ndio huohuo mnaoulalamikia hata ninyi. Nitaandika juu ya mashine, juu ya watu wachache, na juu ya jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu pale ofisini. Nimekuwa fundi mzuri, hilo silikatai. Lakini miaka yote hiyo nimekuwa pia mtu wa wivu, na wivu huo ulikuwa na jina la mtu mmoja.

Siku yangu ya kwanza nilitoka mtaani kwetu Oli kwa miguu, nimevaa shati la kaka yangu ambalo mikono yake ilinizidi. Fundi mkuu wa shirika letu la maji hapo Arua alikuwa Mzee Ondoma, mtu aliyeanzia kwenye redio kabla kompyuta hazijafika kwetu. Sikupewa kompyuta. Nilipewa kibodi moja iliyojaa unga wa muhogo, kitambaa, na kijiti cha ufagio. Nilitoa vitufe vyote, nikavisafisha kimoja kimoja, nikavirudisha kwa furaha kubwa. Mzee akaniambia niandike jina langu, Edema. Kilichotokea kwenye kioo hakikuwa jina la mtu yeyote wa Nile Magharibi. Hakucheka wala hakugomba. Alisema tu, "Toa yote tena. Safari hii tazama kabla ya kutoa." Nilimaliza jua linazama.

Mzee Ondoma alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, nanyi mkipenda ichukueni. Akiitwa kwenye mashine mbovu, alivuta kiti akakaa kando ya mwenye mashine, mikono magotini, muda wa kumaliza kikombe cha chai. Hagusi kitu. Anamwacha mtu afanye kazi yake kama kila siku, yeye anatazama. Mimi nilikuwa na haraka. Nilitaka bisibisi iingie, kifuniko kitoke, watu waone kwamba kuna fundi. Siku moja alinishika mkono mbele ya karani akaniambia, "Edema, hii mama iko na kompyuta yake kila siku. Wewe umekuja sasa hivi. Nani anajua zaidi?" Nilirudisha bisibisi mfukoni, lakini niliona ananichelewesha.

Baada ya miaka michache akaletwa Taban. Kwao ni Ludara, kule Koboko, lakini baba yake alikuwa askari na yeye alikulia kambini, leo huku, kesho kule. Alitembea kama ana mtu wa kumpigia saluti. Viatu vyake viling'aa hata wakati wa mvua, na pale ofisini kwetu wakati wa mvua hata paka alikuwa na matope. Siku ya kwanza nilimpenda. Siku ya pili printa ya ofisi ya mkuu ilikataa kuvuta karatasi, nami nilikuwa nimeshaifungua mara mbili bila kupata kitu. Taban alivuta kiti, akakaa, akatazama. Kisha akachukua bunda la karatasi, akalipeleka kwenye pua, akasema, "Hii karatasi ililala kwa stoo yenye unyevu." Tukaweka karatasi kavu, printa ikafanya kazi. Mzee Ondoma akacheka kwa sauti. Alikuwa hajawahi kucheka na mimi hivyo hata siku moja.

Mnaweza kusema hilo ni jambo dogo, na ni kweli ni dogo. Lakini nilianza kuhesabu. Nilihesabu ni mara ngapi Mzee alimwita Taban kwanza, ni mara ngapi alinywa chai naye bila mimi, na ni mara ngapi alisema "muulize Taban." Mtu akianza kuhesabu hivyo, hesabu huwa haikosi kuongezeka.

Mzee Ondoma alipostaafu alitualika kwake Awindiri. Tulikula enyasa kwa samaki, ule ugali wetu mweusi wa muhogo na mtama, na mke wake aliimba. Tulipomaliza, Mzee akaingia ndani akatoka na vitu viwili. Mimi alinipa koti. Taban alimpa mita yake ya kupimia umeme, ile ya kwenye mfuko wa ngozi, aliyoitumia tangu enzi za redio. Wote walipiga makofi, nami nikapiga. Koti ni zuri, bado ninalo. Sijalivaa.

Nikawa mkubwa wa chumba cha kompyuta Arua. Ofisi ya Koboko ilipotaka fundi wake, Madam Ezaru, mkuu wetu, aliniuliza nani aende. Nilisema Taban. Nilisema Koboko ni kwao, atafurahi, atakuwa karibu na mama yake. Maneno yote yalikuwa ya kweli na sababu haikuwa hiyo. Nikaongeza sharti moja kwenye karatasi: Taban atashughulikia sola, redio na vipimo vya pampu za maji kule Ludara, lakini mambo yote ya barua pepe yatabaki mikononi mwa Arua. Madam aliuliza kwa nini. Nikasema, kwa usalama. Mkitaka jambo lipite ofisini bila maswali mengi, neno hilo bado linafaa sana.

Sasa nifike kwenye kompyuta ya Koboko, ambayo ndiyo mnayoisimulia kila anapoletwa mgeni, na kila mara mnaisimulia kimakosa.

Wakati ule wakuu walitaka kujua barua zinakaa muda gani bila kujibiwa. Nikapata kiprogramu kidogo kinachokaa ndani ya programu ya barua pepe. Ukifungua barua, kinatazama saa iliyoingia, kinatazama saa ya kompyuta, kinatoa hii kwenye ile, halafu kinaweka rangi: kijani kama barua ni mpya, njano kama imekaa, nyekundu kama imelala. Nikakiita kihesabu. Nikakiweka kwenye mashine zote za Arua, makao makuu nao wakakiweka kwenye zao, kisha nikaenda Koboko nikakiweka na huko. Nilijisikia sana. Taban alikiona akasema kizuri, na hata hilo lilinikera, kwa sababu nilitaka akione kigumu.

Haukupita mwezi, simu ya Koboko ikalia. Alikuwa Mama Keji, katibu wa ofisi ile, mjane wa makamo. Ripoti zote za visima vilivyoharibika na maagizo yote ya magari ya vipuri yalipitia kwenye kompyuta yake. Kiti kile ndicho kilichomlisha yeye na wajukuu wake.

"Fundi Edema, hii kompyuta iko na shida. Nafungua barua, programu inakufa. Inajifunga yenyewe."

"Barua gani, mama?"

"Hii ya leo. Ya jana inafunguka vizuri. Ya leo inakataa mpaka jioni jioni, ndiyo inakubali."

"Mama, kompyuta haijui leo wala jana."

Yaandikeni maneno hayo mahali mkumbuke nani aliyasema. Mama alikuwa amenipa jibu lote kwa simu moja, nami nikamfundisha kazi.

Nilikuwa na shughuli za Arua asubuhi, kwa hiyo nilitoka baada ya saa sita. Nilipoketi kwenye kiti chake nilitupa jicho pembeni mwa kioo: 8:10. Saa nane na dakika kumi, nikaona sikuchelewa sana. Nikafungua barua ya asubuhi hiyo iliyotoka makao makuu. Dirisha likawa jeupe, likaganda, programu ikajifunga. Nikarudia mara tatu, ikafa mara tatu. Kitu cha kwanza tunachofanya, na nimewafundisha wenyewe, ni kuiwasha programu bila viprogramu vya nyongeza, kuona kama vyenyewe ndivyo vinavyoiua. Sikufanya hivyo. Kihesabu kilikuwa changu na sikutaka kukishuku. Nilitazama faili la barua, nikalikuta ni kubwa kupita kiasi, kwa sababu hakuna mtu wa ofisi ile aliyewahi kufuta barua hata moja tangu ofisi ifunguliwe. Nikaliendeshea matengenezo. Yalichukua muda mrefu kwelikweli. Mama Keji alileta chai, kisha karanga, kisha akakaa tu. Yalipokwisha ilikuwa saa kumi na moja. Nikafungua ile barua ya asubuhi, ikafunguka. Nikafungua zote, zikafunguka.

"Umeponya, fundi," alisema Mama Keji.

Kesho yake saa tatu asubuhi simu ikalia. Imekufa tena.

Safari ya pili nilifuta akaunti yake kwenye programu nikaiunda upya. Kwa mtandao wa Koboko wa siku hizo, barua zilishuka taratibu mpaka jua likaanza kulala. Taban alipita mlangoni akitoka Ludara, buti za kazi zina matope, lakini viatu vyake vya ofisini amevishika mkononi visichafuke. Akasimama.

"Mzee Edema, nikusaidie kitu?"

"Hapana. Barua pepe iko ya Arua."

"Sawa, mzee." Akaenda zake. Niwaambie ukweli, moyo wangu ulifurahi kuona mgongo wake unaondoka. Barua zote zikafunguka, nikarudi Arua. Asubuhi simu ikalia.

Safari ya tatu niliing'oa programu yote nikaiweka upya, nikabadilisha na kadi ya kumbukumbu ndani ya kompyuta. Safari hii nilijikaza nikafanya jaribio la haki. Nikaiwasha bila kihesabu, barua zikafunguka. Nikaiwasha na kihesabu, zikafunguka vilevile. Nikafurahi kwamba kitu changu hakina kosa. Hapo ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni, na sikuona kwamba hilo lina maana yoyote. Mnaelewa sasa? Kila dawa niliyotumia ilichukua saa nyingi, na zilizoponya zilikuwa zile saa. Ningekaa pale nikila karanga tu, barua zingefunguka vilevile.

Asubuhi, simu.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo. Nilikaa Arua nikafikiri hivi: nikiwapo mimi, mashine inafanya kazi. Nikiondoka, inakufa. Kilichobaki pale nikiondoka ni nini? Ni Mama Keji. Nikaandika ripoti fupi: Mashine haina hitilafu. Mtumiaji hafuati utaratibu. Na huku kihesabu cha makao makuu, kilichohesabu kwa saa ya huko, kila jioni kilimwekea mama rangi nyekundu, kwa kuwa alijibu barua zote za asubuhi jioni. Ripoti yangu na rangi yangu zilisema kitu kimoja. Madam Ezaru aliniita.

"Mzee Edema, huyu mama tumefanya naye kazi miaka mingi. Una hakika?"

"Nina hakika, Madam."

"Taban yuko palepale. Nimwambie apitishe macho?"

"Hakuna haja," nilisema. Nilisema haraka mno.

Sikuwahi kujiambia kwa maneno kwamba heri mama apoteze kiti chake kuliko Taban akikalie akaona nilichoshindwa kuona. Hakuna mtu anayejiambia hivyo. Lakini ukitazama nilichofanya, ndicho hicho, hakuna kingine. Mkutano wa kumwondoa Mama Keji ukapangwa Ijumaa saa nane mchana, na makao makuu walishachagua wa kumrithi.

Ijumaa hiyo asubuhi nilikuwa mezani kwangu napanga nyaya. Simu ikaita. Taban.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam. Kuna nini?"

"Niko hapa kwa Mama Keji. Nilikuja kumsalimia, nikakuta iko nafunga vitu vyake kwa boksi. Nikamwambia, mama, kaa kwanza, fungua barua kama kila siku, mimi natazama tu. Mzee, usikasirike."

Nilikasirika. "Umeona nini?"

"Kompyuta yake inasema saa nne."

Nikatazama saa yangu ya mkononi. Mkono wake mfupi ulikuwa kwenye kumi, kama ulivyo kila siku saa nne asubuhi. "Si ni saa nne?"

"Ni saa nne, mzee, ya watu. Lakini kompyuta haihesabu kama watu. Hapa imeandika 4:05. Yako hapo imeandika nini?"

Nikageuza macho kwenye kioo changu. 10:05.

"Baba yangu," alisema Taban, "kambini alihesabu ya jeshi tu. Kwake nne iko usiku bado, walinzi hawajabadilishana. Mimi hata leo nikiona 4 nawaza giza. Ndiyo maana nimeiona. Ningekuwa nimekulia sokoni nisingeiona."

Alisema hivyo kunipunguzia, nilijua. Alikuwa anaeleza kwa nini mimi sikuona, ili nisijisikie vibaya. Nilijisikia vibaya zaidi.

Mambo yalikuwa hivi. Siku chache baada ya mimi kuweka kihesabu, Mama Keji alikosa mkutano wa simu wa makao makuu. Waliandika saa 3, yeye akakaa kando ya simu tangu saa tatu asubuhi, akachoka akaondoka, kumbe wao walimaanisha saa tisa mchana. Akakemewa. Tangu siku hiyo alisema kompyuta nayo ijifunze kusema saa kama inavyosemwa ofisini, akaingia mwenyewe kwenye mipangilio, akazima ile ya saa kujirekebisha, akairudisha nyuma saa sita. Ofisi nzima ya Koboko iliona amefanya jambo la maana. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila aliyeitazama aliona saa sahihi. Nami pia, mara tatu, kwa macho yangu mawili. Ile 8:10 ya safari ya kwanza ilipaswa kuniambia kila kitu, na niliitumia kujua kama nimechelewa.

Basi barua ikiingia saa nne asubuhi, seva ya makao makuu inaigonga muhuri wa 10:00. Kompyuta ya mama inasema ni 4:00. Kihesabu kinatoa saa ya kuingia kwenye saa ya sasa, kinapata barua ambayo bado haijafika, hesabu ya chini ya sifuri. Hakikutengenezwa kujibu hivyo, kwa hiyo kinaanguka, na kinaiangusha programu nzima. Zikipita saa sita, kompyuta inafikia muhuri wa barua, hesabu inakuwa nzuri, barua inafunguka. Ndiyo maana ya leo inakataa mpaka jioni jioni, kama mama alivyoniambia.

Nikamuuliza Taban, "Umeshamwambia Madam?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ripoti iko yako, mzee. Mimi nikiandika kinyume, watakaa wiki mbili wakiuliza nani ana haki, mimi au wewe, na mama atakuwa ametoka. Wewe ukisema ripoti yako ina kosa, inaisha leo. Mkutano iko saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi sema wewe. Sema umepata."

Mnajua kilichonijia kwanza? Si aibu. Aibu ilifuata baadaye, ikafuata vizuri tu. Kilichotangulia ni kijicho kilekile cha siku ya printa. Nilitamani awe ameniumbua. Angenipigia kelele, angemwandikia Madam, angecheka, ningekuwa na kitu cha kumchukia nacho. Badala yake alikuwa ananiuliza saa ya mkutano kwa sababu alikuwa anamhofia mama, na mimi hakunifikiria sana, si kwa wema wala kwa ubaya.

Saa nane nilisimama mbele ya Madam Ezaru na watu wa makao makuu waliokuwa kwenye simu. Nikasema naiondoa ripoti yangu. Nikaeleza saa, muhuri, kihesabu, hesabu ya chini ya sifuri. Nilieleza vizuri sana, mpaka mmoja wao akasema angependa mafundi wote wawe hivi. Madam aliuliza, "Uliionaje, Mzee Edema?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilikuwa na jina moja tu la kutaja, la Taban.

"Nilikaa nikatazama," nilisema.

Mama Keji akabaki kwenye kiti chake. Kihesabu nilikiondoa kila mahali na hakuna aliyekiulizia. Saa ya kompyuta Taban aliirudisha sawa, akamnunulia mama saa ndogo ya kusimama mezani, akaigeuza isome kwa hesabu yetu, ili kompyuta ibaki na yake na mama abaki na yake. Hilo nalo sikulifikiria mimi.

Hadithi ikaanza kutembea bila mimi. Fundi aliyeona saa. Kila mgeni wa chumba chetu ameisikia, na kila aliyeniuliza nilitabasamu nikasema ni jambo dogo. Tabasamu ni njia nzuri ya kudanganya, haiachi maandishi. Taban naye alikuwa akifika Arua kuchukua vifaa, akawakuta mnaisimulia, akasikiliza mpaka mwisho. Hata siku moja hakunitazama kwa jicho la kunidai. Nililitafuta jicho hilo. Kwa kweli nililitafuta miaka mingi.

Kwenye sherehe ya kuniaga mwaka huu Madam aliisimulia tena, kwa maneno mazuri kuliko ninyi. Mama Keji alikuja kutoka Koboko na gari la shirika, amebeba simsim ya kusaga, akacheza mbele yangu na kuninyooshea mikono. Alidhani mimi ndiye niliyemwokoa. Mimi ndiye niliyemwandikia aondoke. Taban alikuwa mstari wa pili, viatu vinang'aa, anapiga makofi kwa mikono yote miwili, na alikuwa anafurahi kwelikweli. Nilimwonea wivu hata kwa makofi yale. Nilijua kwamba angekuwa ndiye anayeagwa, mimi nisingeweza kupiga hivyo.

Usingizi wangu tangu siku hiyo haujakaa sawa, na daktari hajaona kitu. Kwa hiyo mliponiletea daftari hili nilimpigia simu.

"Taban, nataka kuwaandikia vijana ukweli wa ile saa ya Koboko."

"Ukweli gani, mzee?"

"Kwamba ulikuwa wewe. Na kwamba nilikukatalia makusudi."

"Hiyo najua, mzee. Hiyo ya kukatalia nilijua siku ileile." Akasema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Andika, haina maneno. Lakini huyu mama bado anatembea hapa mjini. Watoto watamcheka kwamba aliharibu kompyuta. Mama mpe jina lingine."

"Na wewe? Nikupe jina lingine?"

"Mimi? Mimi weka unavyoona."

Kwa hiyo Mama Keji si jina lake, na mkienda Koboko msiulize. Taban ni Taban. Nilipofika mahali pa kuliandika, nilikata mara mbili nikaweka "fundi mmoja wa Koboko", nanyi mtaona wino ulivyopita juu ya karatasi. Mara mbili nililirudisha.